BUNDUKI YA KWANZA: DARUBINI, RISASI AU KABATI?

Haya, leo tuweke siasa pembeni. Mimi nimechoka nayo na nina hakika nanyi mmechoka. Leo tuongee kuhusu bunduki.

Najua wengine mmeshaanza kuguna. Kwa sisi watoto wa mjini, bunduki ni kitu cha polisi, cha mlinzi anayesinzia mlangoni mwa benki, au cha jambazi. Hatuizungumzii kama kitu ambacho raia mwema anakwenda kukiulizia bei, anahesabu vijisenti vyake, kisha anarudi nyumbani kufikiri. Lakini ukikaa Arusha utawajua watu wa namna hiyo. Huu ni mji wa utalii, na sehemu ya utalii huo ni uwindaji. Kampuni za uwindaji zina ofisi hapa, madereva wao tunakaa nao mtaa mmoja, na hadithi zao tumezisikia tangu tukiwa wadogo.

Mjomba wangu, mkazi wa Kaloleni, ni mmoja wa madereva hao. Kwa miaka mingi aliendesha gari la wawindaji, akiwapeleka wageni porini na kuwarudisha. Bunduki alizibeba, alizifuta vumbi, alizihesabu jioni, lakini hakuwahi kuwa na ya kwake. Alipostaafu akasema sasa basi, na mimi niwe nayo. Si ya kuulia tembo. Alitaka kabunduki kadogo tu ka kulengea shabaha siku za Jumamosi, mchezo ambao amewatazama wengine wakiucheza maisha yake yote.

Habari ya leseni sitaieleza yote, tutakesha. Itoshe kusema ilianzia ofisi ya serikali ya mtaa, ikapanda ngazi za kamati za usalama, ikafika polisi, na katikati kukawa na nenda rudi nyingi. Sheria inayohusika ni ile ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya sheria ya mwaka 1991. Mwaka 2016 wamiliki nchi nzima walitakiwa kupeleka silaha zao zihakikiwe. Kwa hiyo usidhani hili ni sawa na kununua simu.

Mwisho wa yote mjomba akapata raifo ya .22 iliyokwishatumika, aina ya Brno, iliyotengenezwa Chekoslovakia wakati nchi hiyo bado ipo. Kitako chake cha mbao kimekwaruzika kama meza ya baa, lakini mtutu ni mzima. Bei ilikuwa ya mstaafu. Akanipigia simu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwandishi. Wewe si unayajua mambo ya mtandao? Nina akiba kidogo imebaki. Nitafutie darubini, ile kubwa kabisa. Na kitako kipya cha plastiki, kile cheusi. Na ile miguu miwili ya mbele."

Sasa mimi bunduki siijui zaidi ya kuiona kwenye gwaride. Lakini kazi yangu ni kuuliza watu. Nikauliza. Nilizungumza na fundi wa bunduki, nikazungumza na wawindaji wawili wa kazi, nikasoma mpaka macho yakauma. Nilichogundua ni kwamba orodha ya mjomba, ambayo nadhani ndiyo orodha ya kila mtu anayenunua bunduki ya kwanza kwa hela ya mawazo, imekaa kichwa chini miguu juu. Kila kinachong'aa kiko juu, na vitu vinavyoamua risasi itatua wapi havimo kabisa.

Hebu tuanze na risasi yenyewe, maana jina la .22 linawadanganya watu. Ni robo ya inchi kasoro kidogo, yaani kipenyo cha kama milimita 5.6. Kipande cha risasi kinachotoka kwa kawaida kina uzito wa gramu 2.6. Kinaonekana kama kitu cha kuchezea. Risasi ya aina hii ndiyo inayotumika kwenye Olimpiki katika mashindano ya raifo ya mita 50, ambako duara la pointi 10 lina upana wa milimita 10.4 tu, mdogo kuliko kifungo cha shati. Ni sahihi, haina teke begani, na ni ya bei nafuu kuliko risasi nyingine. Ndiyo maana kila niliyemuuliza aliniambia mtu aanze na hiyo.

Lakini hako kadude ukikafyatua kwa mwinuko kanaweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu. Wewe unayekaa Kaloleni fikiria hapo. Simama mlangoni kwako, piga hesabu ya kilomita moja na nusu kila upande. Ndani ya duara hilo kuna uwanja wa Sheikh Amri Abeid, kuna Makumbusho ya Azimio la Arusha na Mnara wa Mwenge, kuna Soko Kuu na mama zetu wamekaa na nyanya zao. Nyumba zetu zimebanana, ua mmoja familia tatu. Kwa mtu wa Marekani mwenye shamba la ekari mia, kukosea shabaha ni bahati mbaya ya mchana mmoja. Kwetu hapa, risasi ambayo hujui imekwenda wapi ina mtu mbele yake. Kwa hiyo unapotumia hela kwenye bunduki unanunua kitu kimoja tu, nacho ni uhakika wa mahali itakapotua risasi. Kila shilingi ipimwe kwa kipimo hicho.

Tuje kwenye darubini. Mjomba alitaka kubwa. Nikamuuliza kwa nini, akacheka, kisha akanisimulia mwenyewe kisa kinachopinga hoja yake. Siku moja porini mgeni wake alikuwa na darubini ndefu kama chupa ya chai. Swala pala amesimama pale, wote wanamwona kwa macho, hata mpishi anamwona. Mgeni anazungusha bunduki huku na huku, hamwoni! Ameikuza mno, anaona majani matatu na kipande cha mbingu. Swala akachoka kusubiri akaondoka zake.

Namba za darubini zinasomeka hivi. Ukiona 4x32, maana yake inakuza mara 4 na kioo cha mbele kina upana wa milimita 32. Ukiona 3-9x40, inakuza kuanzia mara 3 hadi mara 9 na kioo ni milimita 40. Gawanya kioo kwa ukuzaji, unapata upana wa mwanga unaofika jichoni. Ile 4x32 inakupa milimita 8, zaidi ya mboni ya mtu inavyoweza kupanuka gizani. Ile 3-9x40 ukiivuta hadi 9 inakupa milimita 4 na ushee, na kichwa chako lazima kikae palepale, la sivyo unaona kiza.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Darubini nyingi za kawaida za bunduki kubwa hupangwa kiwandani ziwe sahihi kwenye yadi 100, yaani mita 91 hivi. Za .22 hupangwa kwenye yadi 50, kama mita 45. Ukiweka ile ya bunduki kubwa kwenye .22 na kulenga mita 50, ukisogeza jicho kidogo tu, alama ya msalaba nayo inahama juu ya shabaha ingawa bunduki haijatikisika. Utamlaumu mkono wako bure.

Sasa, je, mjomba anahitaji darubini kweli? Hapa nilitaka kusema hapana, atumie kilengeo cha chuma kilichokuja na bunduki. Fundi ndiye aliyenibadilisha. Aliniuliza umri wa mjomba. Nilipomtajia akatikisa kichwa. Kilengeo cha chuma kinataka jicho lione vitu vitatu kwa mara moja: alama ya nyuma, alama ya mbele, na shabaha yenyewe. Jicho la kijana linarukaruka kati ya hivyo vitatu na kufaulu. Jicho la mtu anayesoma gazeti kwa kulinyoosha mkono haliwezi. Darubini inaweka alama na shabaha kwenye umbali mmoja. Kwa mzee, hiyo ndiyo faida yake kubwa, na ile mara 4 inatosha kabisa.

Basi tukakubaliana 4x32 ya .22. Halafu tukakuta mtego mwingine. Juu ya Brno hizi kuna reli nyembamba iliyochongwa kwenye chuma chenyewe, upana wa milimita 11. Vishikizo vingi vya kisasa vimetengenezwa kwa reli pana za Kimarekani. Havikai. Mtu ananunua darubini ya bei mbaya, inafika, haifungiki, anaanza kutafuta fundi wa kuchomelea. Jamani! Kwanza pima reli, nunua vishikizo vizuri vinavyoikaa, ndipo utafute darubini. Kishikizo kinacholegea nusu milimita kinaharibu kazi ya darubini ya thamani yoyote. Na kabla hujaagiza kifaa chochote cha silaha kutoka nje, kaulize polisi kwanza. Swali ni bure.

Kitako cha plastiki nyeusi? Tulikifuta. Kile cha mbao kinashika mtutu vizuri, mikwaruzo haipotoshi risasi. Miguu ya mbele? Mfuko wa suruali kuukuu uliojazwa mchanga unafanya kazi hiyohiyo, tena kwa utulivu zaidi. Kulegeza kifyatulio ili kivutike kirahisi? Kwa mtu anayeanza, hapana. Kifyatulio chepesi mno ni ajali inayosubiri kidole.

Hela iliyobaki yote ikaenda kwenye risasi. Na hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikulitarajia.

Mimi nilidhani risasi za .22 ni .22, kama kiberiti ni kiberiti. Kumbe kila mtutu una chaguo lake. Bunduki mbili za kiwanda kimoja zinaweza kupenda risasi tofauti, na hakuna kitabu kinachokwambia ipi. Njia ni moja: nunua boksi moja la kila aina unayoweza kuipata kihalali, boksi huwa na risasi 50, upige tano tano kwenye karatasi, uangalie zilivyokusanyika. Usiangalie kama zimepiga katikati, hilo linarekebishwa baadaye. Angalia zimekaribiana kiasi gani.

Tulikwenda kwenye uwanja wenye kibali nje ya mji, mahali penye tuta refu la udongo nyuma ya shabaha. Mita 50, bunduki juu ya mfuko wa mchanga. Mjomba alikuwa na aina tatu za risasi. Ya kwanza ilikuwa ile yenye mwendo mkali, boksi lina picha ya radi. Tano za kwanza zilitawanyika kama vifaranga, ungeweza kuweka kikombe cha chai katikati yake. Aina ya pili zikakusanyika vizuri zaidi. Ya tatu ilikuwa ya mwendo wa kawaida, boksi la kijivu lisilo na picha hata moja. Tano zote zikaingia kwenye eneo ambalo sarafu mbili zingelifunika.

Bunduki ni ileile, mzee ni yuleyule, nusu saa ileile. Hakuna kilichobadilika ila boksi.

Mwindaji aliyekuwa nasi alituelezea sababu mojawapo. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Risasi ya .22 ya mwendo mkali hutoka kwa mita 380 hivi, kisha hewa inaipunguza kasi, na katikati ya safari inashuka chini ya mwendo wa sauti. Pale inapovuka mpaka huo inatikisika. Ile ya mwendo wa kawaida inatoka ikiwa tayari chini ya mpaka, haina cha kuvuka. Inafika imechelewa kidogo lakini imetulia. Kwa mita 50 kutulia ndiko kunakohesabika.

Ndipo tukarekebisha darubini. Kila mlio mmoja wa kitufe chake ulihamisha risasi kama milimita 4 kwa mita 50. Ikikaa sawa kwa mita 50, basi kwa mita 100 risasi hiyo inashuka chini kati ya sentimita 15 na 20, na upepo wa kawaida tu unaisukuma pembeni zaidi ya upana wa kiganja. Mjomba akasema hana haja ya mita 100. Nikamheshimu kwa neno hilo kuliko shabaha zake.

Wanaopenda ukubwa nawakumbusha kisa cha Walter Bell, yule Mskoti aliyeitwa Karamojo Bell kwa sababu ya kuwinda kule Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20. Aliua tembo zaidi ya elfu moja, na wengi wao aliwapiga kwa bunduki ndogo ya milimita 7 wakati wenzake wanabeba mizinga. Simsifu kwa kumaliza tembo, na siku hizi sheria zetu haziruhusu tembo wala nyati kupigwa kwa risasi ndogo namna ile. Nachukua upande mmoja tu wa habari yake: alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi. Wenzake walinunua nguvu, yeye alitafuta kujua.

Nilikuwa tayari kuishia hapo. Darubini imefungwa, risasi zimepatikana, mjomba anatabasamu kama bwana harusi. Lakini tulipomrudisha nyumbani Kaloleni, tukiwa tunakunywa chai uani, mjukuu wake wa miaka tisa akanisogelea akaninong'oneza.

"Anko, mimi najua babu anapoiweka. Nyuma ya sanduku, uvunguni. Na risasi ziko kwenye kopo la biskuti."

Chai ilinikwama. Huyu mtoto hakuambiwa na mtu. Watoto hawaambiwi, wanaona. Na akijua yeye, wanajua watoto wote wa ua ule.

Nilimweleza mjomba pembeni, kwa adabu, maana ni mjomba. Hakukasirika. Alinyamaza muda mrefu. Alikuwa na mawazo kwamba bunduki isiyo na risasi ndani ni kama fimbo tu. Mkewe, ambaye tangu siku ya kwanza hakuitaka bunduki ile ndani ya nyumba, alikuwa amesimama mlangoni na alisikia yote. Hakupiga kelele. Aliuliza swali moja.

"Na siku Mungu akikuchukua, ufunguo atashika nani?"

Hakuna aliyejibu. Kwa kweli hata hapakuwa na ufunguo wa kuuliziwa.

Wiki ile mjomba akarudisha boksi mbili za risasi dukani alikozinunua, kwa utaratibu, zikaandikwa. Nadhani ndiye mteja wa kwanza waliyemwona akirudisha. Kwa hela ile na nyongeza yangu kidogo, fundi wa vyuma akatengeneza kabati refu jembamba la chuma nene, likafungwa kwa boliti ukutani chumbani. Bolti ya bunduki inachomolewa kwa mkono na kukaa ndani ya kisanduku kingine chenye kufuli lake. Risasi nazo peke yake, na kopo la biskuti limerudi kuwa la biskuti. Sheria inamtaka mmiliki atunze silaha mahali salama, na salama katika nyumba ya vyumba viwili yenye wajukuu watano inaanzia kwenye kufuli mbili.

Kwa hiyo kama wewe ni mtu wa kipato chetu na umepata leseni yako kihalali, orodha ninayoweza kukupa baada ya pilikapilika zote hizi ni hii. Kwanza kabati. Pili risasi za aina mbili au tatu za kujaribu, na baada ya hapo aina moja tu. Tatu vishikizo vinavyokaa sawasawa. Nne darubini ndogo ya kweli, kama macho yanaidai. Kitako cheusi, miguu ya mbele na mapambo mengine yasubiri mpaka umalize maboksi kumi, na ukishayamaliza huenda utakuta huyahitaji tena.

Swali la mkaza mjomba bado. Jumatatu iliyofuata mjomba alikwenda kituo cha polisi kuuliza: mmiliki akifariki familia inatakiwa ifanye nini? Akaambiwa familia itoe taarifa na kuikabidhi silaha polisi haraka, wala mtu asikae nayo nyumbani kwa kuwa tu ni ya marehemu. Amerudi akaliandika jambo hilo kwa mkono wake kwenye daftari, akasaini, akambandikia mkewe ndani ya mlango wa kabati la nguo. Ufunguo mmoja anao yeye, wa pili anao mkewe.

Nilimuuliza mama kama sasa ameridhika. Akaniambia, "Sijaridhika, mwanangu. Ila sasa nalala."